Madebe Mawili ya Mafuta

Siku yangu ya kwanza kazini sikupika chochote. Mpishi Mkuu wa nyumba ya wageni ya serikali, pale Sumbawanga mjini, aliniambia ninyoshe mikono. Akaishika kama daktari anayetafuta homa, kisha akanituma nikaitumbukize kwenye pipa la maji lililokuwa uani. Ilikuwa mwezi wa sita. Aliyewahi kuamka Ufipa mwezi wa sita anajua maji hayo yalikuwaje. Nilirudi vidole vimekufa ganzi, meno yanagongana. Akaishika tena.

"Sasa hii ni mikono ya pai," akasema. "Ile uliyokuja nayo ni ya kukandia mkate."

Nilidhani mzee ananitania. Baadaye nilielewa kwamba hakuwa na utani hata kidogo, na kwamba katika sentensi ile alikuwa amenipa nusu ya kazi. Pai si mkate. Mkate unaukanda mpaka mabega yaume, nao unakushukuru. Pai ukiikanda inakuwa ngumu kama soli ya kiatu. Unachukua mafuta yaliyoganda, unayasugua ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka yawe chengachenga, unatia maji ya baridi kijiko kimoja kimoja, unalikusanya donge bila kulisumbua, unalifunika na kuliacha. Mafuta yasiyeyuke kabla ya kuona moto. Yakiyeyukia mikononi mwako, ganda halitachambuka, na mgeni ataiacha pai kwenye sahani.

Mpishi Mkuu alikuwa na madebe mawili ya mafuta. Moja lilikaa upande wa dirisha, nalo lilikuwa la mafuta ya nguruwe, tuliyonunua kwa wafugaji wa vijiji vya jirani. Hayo ndiyo yanayotoa ganda jepesi kuliko yote. La pili lilikaa upande wa mlango, la samli, iliyopandishwa kutoka bonde la Rukwa kwa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Wageni wetu walikuwa wa kila dini, na nusu ya maduka ya mjini yalikuwa ya familia za Kiislamu. Kwa hiyo kila debe lilikuwa na kijiko chake, bakuli lake na mti wake wa kusukumia.

"Kwa macho utadanganyika," alinionya. "Kiangazi ng'ombe anakula majani makavu, samli inapauka, na baridi hii inayagandisha yote mawili yanakuwa meupe. Nusa kwanza, ndipo uchote. Pua ya mpishi ndiyo cheti chake."

Nilifanya kazi chini yake miaka kadhaa. Juu yetu alikuwapo Meneja, mwanamume mpole aliyetembea na ufunguo wa stoo shingoni. Unga wa ngano wakati huo ulitoka kwa kibali, na kibali kilitoka kikipenda. "Mgeni akiulizia pai," Meneja alikuwa akituelekeza, "mwambie kesho. Kesho akiulizia, mwambie jana zilikuwapo." Alisema hayo bila kucheka. Tulipika mandazi ya unga wa muhogo tukawaandalia maofisa, nao walikula kimya kwa sababu makwao hawakuwa na hata hayo.

Kuna kipindi nilipelekwa Mtowisa, kule bondeni, kuwapikia mafundi wa barabara. Huko nilikoma. Joto la Mtowisa linayeyusha mafuta yakiwa bado kwenye kijiko. Pai zangu za kwanza zilitoka zimelala kama chapati zilizokanyagwa. Msimamizi wa kambi alinyanyua moja, akaitazama mbele na nyuma, akaniuliza kama ni ya kula au ya kuzibia pancha. Nikajifunza kuamka alfajiri, kulifunga donge ndani ya kitambaa kilicholowa, na kumaliza kusukuma kabla jua halijapanda. Niliporudi mjini nilikuwa mpishi kweli.

Kisha biashara ikaachiliwa huru. Bidhaa zikaanza kuingia kutoka Zambia kupitia Kasesya: unga, siagi ya makopo, sukari nyeupe, na hakuna aliyeuliza kibali. Tulifurahi. Hatukujua kwamba mlango ule ule ulioingiza unga ungetutoa sisi. Nyumba ya wageni iliuzwa kwa mtu binafsi, naye alitaka chipsi, nyama choma na bia. Meneja alitukusanya uani, akasoma majina ya wanaopunguzwa, akafika kwenye jina lake mwenyewe, akalisoma kwa sauti ile ile. Mpishi Mkuu alirudi kwao kijijini, na sikumwona tena.

Mimi nikaanza kuoka nyumbani. Mume wangu, Baba Leonida, alikuwa fundi mwashi. Alinijengea jiko la matofali nyuma ya nyumba, na kabla halijakauka nilioka kwa sufuria kubwa yenye mchanga, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Pai za nyama, za viazi na njegere, za mapera yakiwa msimu. Niliuza maofisini na madukani. Nilihifadhi madebe mawili kama nilivyofundishwa, na mteja wangu mkubwa alikuwa Bi Zuhura, mke wa mwenye duka la vyombo na malori. Hakuna shughuli nyumbani kwake iliyopita bila pai zangu za samli. Kwa jina lake nikafunguliwa milango ya nyumba nyingine sita za Waislamu. Bi Zuhura akisema cha fulani kinalika, kinalika.

Baba Leonida alipata kichomi. Aliugua wiki moja, akafa. Nawaambia kwa kifupi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, kifupi hivyo.

Kwetu mfiwa hapiki. Anakaa kwenye mkeka, wenzake wanashika vyungu. Mimi siku ya pili nilisikia harufu ya maharage yanaungua, nikanyanyuka mkekani, nikamnyang'anya mtu mwiko. Wanawake walinipigia kelele. Sikuwasikia. Nilipika matanga ya mume wangu mwenyewe mpaka yakaisha, na watu wakaenda wakisema Mama Leonida ni mwanamke shupavu. Nami nikaamini. Siku iliyofuata nikawasha jiko nikaoka za kuuza. Watoto wanataka kula, nilijiambia. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Nilikuwa naogopa kukaa chini.

Miezi miwili ilipita hivyo. Sikulia. Nilikula nikiwa nimesimama, tena pale nilipokumbuka. Na kuna jambo sikuligundua, kwa sababu mtu hagundui kitu kilichoondoka kimya: sikuwa nanusa tena. Chai, moshi, sabuni, vyote vilikuwa kitu kimoja.

Bi Zuhura aliniagiza pai za hitima ya mama mkwe wake. Watu wangesoma baada ya alasiri, kisha wale. Nikaoka masinia mawili, nikapeleka mchana, nikarudi nyumbani kuwapikia watoto. Mboga ilihitaji kuungwa, nikafungua debe la samli. Lilikuwa limejaa mpaka juu, na karatasi niliyolifunikia nilipolileta kutoka sokoni haijachanika. Nikageukia debe la pili. Limechotwa nusu.

Wifi yangu Agripina, dada yake marehemu, alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage. Nilimweleza. Aliweka ungo chini.

"Nyamaza," akasema. "Nani atajua? Mafuta yakishaiva hayana jina."

"Ni hitima, wifi. Wanamwombea mtu."

"Na wewe una watoto wawili na huna mume. Ukisema leo, kesho nani atanunua kwako? Fikiria kwanza."

Nilifikiria. Sitawadanganya, nilifikiria kwa muda wa kutosha maharage yale kuchambuliwa nusu ungo. Wifi hakuwa mtu mbaya, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Lakini niliyaona yale masinia katikati ya watu waliovua viatu, nikajikuta nimeshatoka na khanga ya jikoni, natembea, kisha nakimbia.

Nilifika dua inasomwa. Nikaingia kwa mlango wa uani. Bi Zuhura alikuwa amesimama juu ya masinia, ameshika kawa la kufunikia.

"Mama Leonida, mbona unahema? Kuna mgonjwa?"

"Zimeliwa?"

"Bado. Wakimaliza ndiyo nazitoa."

"Usizitoe. Nimekosea debe. Hizi ni za mafuta ya nguruwe."

Alirudisha kawa juu ya sinia taratibu, akarudi nyuma hatua moja. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliingia ndani, nikamsikia akiwaambia wanawake kwamba chakula kimepata kasoro, watoe tende, kahawa na tambi. Aliporudi alizungumza kwa sauti ya chini.

"Umeshika nini humu ndani?"

"Masinia tu. Na ile meza."

"Basi zitoe zote, kisha urudi uoshe. Mara saba, moja kwa udongo."

Pai zote nikazimwaga kwenye gunia. Nikachuchumaa uani, nikachota udongo, nikasugua. Yeye alikuwa akinimiminia maji kwa birika, huku akihesabu. Tulipofika mara ya tano aliacha kumimina.

"Wewe ni mpishi wa miaka," akasema. "Samli inanuka mpaka barabarani. Ilikuwaje?"

"Sinusi, Bi Zuhura. Sijui tangu lini."

"Tangu mazishi ulikaa siku ngapi?"

"Sikukaa."

"Sisi mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, wenzake wanamfanyia. Nilipokuwa msichana nilidhani ni adhabu." Akamimina kidogo. "Wewe umetembea na maiti jikoni miezi miwili."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia nimeshika sinia, udongo mpaka viwikoni, huku ndani watu wanasoma dua ya marehemu wa watu wengine. Bi Zuhura alisubiri. Hakunigusa wala hakuniambia ninyamaze. Nilipomaliza alimimina maji ya sita na ya saba, akaniinua.

"Umekuja kusema kabla hatujala. Hilo sitalisahau," akasema. "Lakini cha mkono wako siwezi kula tena. Sikufichi. Nafsi itakataa."

Hakumwambia mtu. Niliwaambia mimi, nyumba moja baada ya nyingine, zile sita. Waliniitikia kwa adabu, na hakuna aliyeagiza tena.

Nilifunga jiko, nikawachukua watoto, nikaenda kwa mama yangu kijijini. Huko nilikaa mpaka ulezi ukavunwa. Nililala. Mama aliniwekea chakula mbele yangu akasubiri nimeze, kama mtoto wa kuachishwa ziwa. Jioni nilimzungumzia Baba Leonida, jinsi alivyokuwa akipiga mluzi akipanga matofali, na mama alisikiliza habari zile zile kila siku bila kuniambia nimeshazisema. Asubuhi moja niliinuka kitandani kwa sababu maharage yalikuwa yanaungua. Mama alikuwa karibu na chungu kuliko mimi na hakuwa amenusa.

Niliporudi mjini, debe la nguruwe niliwapa majirani. Ganda langu halikuwa jepesi tena kama zamani, lakini jikoni kwangu palikuwa na mafuta ya aina moja. Biashara iliinuka polepole kwa wateja wa maofisini na shuleni, watoto wakasoma, Leonida akaolewa. Bi Zuhura na mimi tulisalimiana, tulikwenda kwenye misiba na harusi za kila mmoja. Alikuja kwangu mara nyingi. Alikunywa chai. Sahani ya pai nilikuwa nikiiweka upande wangu, wala sikuwahi kumkaribisha, maana kumkaribisha kungemlazimisha kukataa. Miaka ilikwenda hivyo, tukazeeka.

Sasa sioki za kuuza, magoti yamekataa. Vijana wanaosomea upishi huja kuniuliza siri ya ganda linalochambuka, nami nawaambia habari za mikono ya baridi. Kisha nawauliza kama wamekula, na wengi wanakuwa hawajala. Nawaambia wale kwanza, wameketi. Na mtu akifiwa, azime jiko. Wateja watasubiri, na wasiposubiri watapatikana wengine. Wananiitikia "ndiyo, bibi", na naona kabisa kwamba walikuja kuchukua vipimo.

Mwaka jana mume wa Bi Zuhura alifariki, naye akaingia eda. Nilikwenda kila siku kukaa naye. Alikuwa amekonda, uji anaurudisha, wakwe zake wanabembeleza bila mafanikio. Siku moja mkwewe alinifuata nyumbani.

"Shikamoo, bibi. Mama anasema umletee pai."

"Amesema pai?"

"Amesema pai ya Mama Leonida."

Niliitumbukiza mikono kwenye maji. Nilioka moja tu, ndogo, ya viazi na njegere. Nilipofika alikuwa ameegemea ukuta, amejitanda nguo nyeupe. Nikaiweka sahani mbele yake na maneno yakaanza kunitoka yenyewe: kwamba samli ni ya yule mama wa sokoni, kwamba debe ni moja tu sasa, kwamba kama anataka nimlete mtu aje aone jikoni.

"Mama Leonida," akasema, "mimi nimekuuliza?"

Akasoma bismillahi, akamega. Alikula taratibu, bila kunitazama, mpaka ukingo wa ganda ambao watu wengi huuacha.