Aliyesimama Karibu na Makoti

Mume wangu Mimer Ziegler alimpigia ndugu yake gitaa la rithimu kwa miaka kumi na sita. Chaka-chak, chaka-chak, mkono wa kulia haupumziki, na hakuna anayekutazama. Mimer namtaja bila wasiwasi kwa sababu yu hai. Hivi ninavyosimulia anakoroma upande wa pili wa gari letu la farasi. Nduguye, mtoto wa mama yake mkubwa, simtaji. Alikufa, na sisi watu wa magari ya farasi, tunaohamahama, jina la marehemu wetu hatulitii kinywani. Mimi nilizaliwa kwenye nyumba ya matofali, binti wa muoka mikate wa Montreuil, lakini nimeolewa huku siku nyingi. Hata mimi sasa jina lile likinifika ulimini nalimeza. Wafu wengine wa humu nimewabunia majina; yeye hata la kubuni sithubutu kumpa.

Nilipokuja kwao nilidhani naujua muziki, maana baba alikuwa na kinanda sebuleni. Wiki ya kwanza nikamsikia huyo shemeji akipiga solo, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na sufuria ikaungua mbele yangu nikiitazama. Alianza chini, kwenye nyuzi nene, polepole, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Kisha akapanda, mbio, noti juu ya noti, na pale ulipodhani sasa anafika juu, akasimama. Akabaki na noti moja, akaitikisa kwa kidole mpaka ikalia. Halafu akashuka kwa njia nyingine kabisa, njia ambayo hukujua kama ipo. Niliogopa, nasema kweli. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini yule kila aliposifiwa ndivyo alivyozidi kuwa mkali, na hakurudia solo moja mara mbili maisha yake yote.

Siku walipoitwa mjini Paris kurekodi, nilikwenda nao kuwabebea makoti. Studio ilikuwa na kipaza sauti kimoja tu, na gitaa la Mimer lilikuwa na kelele. Fundi akamwambia arudi nyuma hatua moja. Akarudi. Akaambiwa tena, na tena, mpaka akawa amesimama mlangoni nilipokaa mimi, mabega yake yakigusa makoti yaliyotundikwa. Taa nyekundu ikawaka, ile sahani ya nta ikaanza kuzunguka, wakapiga dakika tatu. Fundi alifurahi, akaomba warudie vilevile, awe na nakala ya akiba. Shemeji alimtazama kwa huruma. Akamwambia ile imeshapita, akipenda atampa nyingine. Akampa nyingine, na haikufanana na ya kwanza hata kidogo.

Kila mmoja alipewa santuri moja ya mfano, yenye ile ya kwanza. Kampuni haikuitoa dukani, sijui kwa nini. Shemeji aliikalia yake siku ileile, ikapasuka, akacheka mpaka machozi. Kwa hiyo duniani ilibaki moja, ya Mimer, ndani ya taulo chini ya kitanda chetu.

Mapafu yalimuua shemeji majira ya baridi, kabla ya vita. Mama yake, Mama Pimpa, alifanya yapasayo. Gari lake lilichomwa moto na nguo zake zote, na gitaa ndani yake. Nyimbo zake zikanyamaza. Kalunguyeye wa kuchoma kwa kitunguu saumu, chakula alichokipenda kuliko vyote, Mama Pimpa hakumgusa tena mpaka anaingia kaburini. Ndivyo tunavyowaacha wafu wetu wapumzike.

Mchana wa siku ya kuchoma, kesho yake baada ya mazishi, majivu bado yana moto, Spatzo, mdogo wa marehemu, akaja mlangoni kwetu. Nilijua alichofuata. Mimer alikuwa ameshaichukua santuri, ameikumbatia na taulo lake.

“Lete hicho kitu, Mimer,” Spatzo akasema. “Vyake vyote vimekwenda.”

“Nusu ni yangu. Na mimi sijafa.”

“Basi ivunje katikati, nusu yako ukae nayo.”

Kuna waliocheka, na msiba wote ule. Mimer hakucheka. Mwanamume huyu ambaye ukimkanyaga mguu anakuomba radhi, siku ile alisimama mlangoni na macho mekundu, akasema atakayeitaka apite juu yake kwanza. Nilimshika shati kwa nyuma. Kugombana na jamaa kwa ajili ya mali ya maiti ni aibu isiyofutika. Wangetufukuza kambini na farasi wetu. Lakini ile santuri ikienda motoni, asingemsikia tena nduguye mpaka siku ya kufa kwake. Nilimjua mume wangu. Asingegusa gitaa tena.

Mama Pimpa akaja, amejifunga shali nyeusi. Hakumtazama Spatzo wala Mimer. Akaniambia mimi, mtu wa matofali, nitoe gramafoni. “Iweke nisikie,” akasema. “Nijue nusu ya nani iko wapi.”

Nikazungusha mpini. Kwanza ilisikika rithimu ya Mimer, mbali, kule kwenye makoti. Kisha akaingia yeye. Moshi wa gari lake bado uko hewani, naye anatafuta ufunguo wake mfukoni, anaupata, anapanda. Spatzo alivua kofia. Ilipofika ile noti moja na kuanza kulia, Mama Pimpa alifumba macho, na mimi nikaona kitu ambacho mpaka leo sikielewi: mtu aliyezikwa jana anawafanya watu hamsini wazuie pumzi zao. Ile noti ilikaa. Kisha akashuka, kwa njia yake.

Santuri ikaisha, sindano ikakwaruza, hakuna aliyethubutu kuiinua. Niliinua mimi.

“Nimesikiliza yote, mwanangu,” Mama Pimpa akamwambia Mimer. “Nimekusikia wewe peke yako. Kitu cha mtu aliye hai hakichomwi.”

Hakuna aliyembishia. Wa kumbishia angelazimika kutaja jina. Spatzo alivaa kofia yake, akaondoka. Tangu hapo ikaitwa santuri ya Mimer, na vita vyote ilivipitisha ndani ya godoro letu.

Mwaka huu, miti ilipochanua, alikuja bwana mmoja wa redio, amesikia habari za ile santuri. Mimer akamwekea. Yule bwana alilia waziwazi, mtu mzima na tai yake. Akamshika Mimer mikono miwili, akasema hajapata kusikia solo kama hii, na kwamba atahakikisha Ufaransa yote inamjua mpigaji. Akatoa kalamu. Akauliza, “Ni wewe?”

Miaka kumi na sita karibu na makoti. Angeitikia kwa kichwa tu. Spatzo ameshakufa, Mama Pimpa ameshakufa. Nani angemsuta?

“Mimi ni yule wa nyuma,” Mimer akasema. “Aliyesimama karibu na makoti.”

“Na wa mbele ni nani?”

Jina likamfika Mimer ulimini, akalimeza. Kisha akairudisha sindano mwanzo, na mkono wake wa kulia ukaanza kugonga gotini.