Mkaguzi Anayemkimbia Mwenye Nyumba

Saa nane mchana, kijiji cha Ngonga. Anyisile Mwambene, mkaguzi wa nyumba mpya, amejibanza nyuma ya migomba, kipimajoto mkononi. Anasubiri mwenye nyumba atoke. Ni baba mkwe wake, na kwa Wanyakyusa wa rika la mzee huyo, mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani. Patamu hapo!

"Ofisi inataka fomu kesho," ananong'ona, hatulii. "Nisipoipeleka, kazi sina. Nikikutana naye, ukoo mzima utanisema. Nikimbilie wapi?"

Tangu wanunuzi binafsi wa kakao waingie Kyela na fedha zao, nyumba za bati zinaota kama uyoga. Nyingi ni tanuri tupu. Mradi wa Anyisile hukagua matundu ya hewa, dari na jiko la kuni. Nyumba inayofaulu hupewa cheti na kufungiwa taa ya umeme wa jua. Mwaka huu wa 1997 amekagua sitini na tatu, akaangusha kumi na tisa.

"Wananiita Bibi Hapana," anasema, akicheka kidogo.

Mama mkwe wake, Marta, anapiga makofi, ishara kwamba mzee ametoka kwa mlango wa nyuma. Anyisile anaingia mbiombio, kajitanda khanga gubigubi. Jiko halili kuni nyingi. Dari ipo. Anainua macho. Lo! Matundu yote yamezibwa kwa udongo, na kipimajoto kinasoma nyuzi thelathini na sita.

"Mama, nani kaziba?"

"Baba yako. Popo walimchosha, mwanangu." Marta anamshika mkono. "Andika imefaulu. Macho yake yamekwisha, anataka taa asome Biblia. Nakuomba."

Machozi yanamtoka Anyisile, wala hayafichi. "Mama, nikimpitisha yeye, wale kumi na tisa nitawaambia nini?"

Anaandika: imeshindwa.

Kisha sauti nzito inatoka nyuma ya ukuta. Mzee hajaenda mbali, kasikia yote.

"Marta! Mwambie mkaguzi ngazi ninayo. Nizibue mangapi?"

Hajasema mkwe. Kasema mkaguzi.

"Mama, mwambie kumi na mawili," Anyisile anajibu, akifuta macho. "Na aweke wavu, popo wasirudi."

"Ndaga," ukuta unashukuru kwa Kinyakyusa.

Njiani anatembea haraka mno. Atarudi kukagua upya baada ya wiki mbili, na anataka cheti cha mzee akisaini yeye, si mtu mwingine.

"Taa ikiwaka, mimi nitakuwa nimeshaondoka," anasema. "Mama atanisimulia baba alivyofurahi."