Bomba Jembamba

Juzi, kwenye gereji moja ya mtaa wa Buluk, fundi aliweka mbele yangu mabomba mawili ya kupeleka moshi kutoka kwenye injini yangu ndogo hadi kwenye turbo, feni inayoisukumia hewa.

“Madam, chukua hili pana, injini ipumue.”

Nilichagua jembamba, maana humo moshi hukimbia na kuamsha turbo mapema.

Harufu ya masizi ilinirudisha alasiri ya utotoni niliyokwama ndani ya bomba la moshi la meli mbovu bandarini, nikicheza kujificha. Nilijaza pumzi nipate nguvu, nalo likazidi kunibana.

“Mjomba, linanimeza!” nilimwita mjomba wangu, aliyekuwa nje akinitafuta.

“Limeze nini, mifupa hiyo? Yalla, toa pumzi yote.”

Niliogopa kwamba ikitoka haitarudi. Niliitoa, akanivuta kwa miguu. Nje nilimkuta macho yamelowa, nikadhani ni masizi.