Kitu Nzito Kwa Koti ya Athman

Majengo ya Nyeri ukiuliza nyumba ya Zabibu, watu watakuuliza kwanza unamtaka Zabibu wa mandazi ama Zabibu wa redio. Huyu ni wa mandazi. Alizaliwa Othaya akaitwa Murugi, akachuma majani chai ya babake mpaka vidole zikashika rangi, halafu shangazi yake akamleta harusi ya mjini. Akala pilau imepikwa na mwanajeshi mmoja mwembamba aliyekuwa likizo. Akasilimu akaitwa Zabibu, na hakurudi Othaya tena ila kusalimia. Kwao walisema Murugi ameolewa na pilau, na yeye hakuwahi kukataa.

Huyo mwanajeshi ndiye Athman. Alikuwa koplo, lakini koplo wa jikoni. Wenzake walipotumwa Namibia kulinda amani, yeye alitumwa na sufuria. Alirudi na medali kama wao: shaba ya mviringo, dunia katikati imezungukwa na majani, na utepe juu. Alimwonyesha Zabibu mara moja, akairudisha kwa kiboksi yake, na kiboksi akaiweka kwa kabati nyuma ya vikombe za wageni. Mtu akimwuliza alipewa ya nini, alikuwa anasema, "Ya kupika," na hapo stori imeisha.

Sasa Zabibu ni mtu wa kutaka kujua. Akisikia mlango umefungwa kwa jirani, lazima ajue umefungwa na nani. Lakini hiyo kiboksi hakuifungua miaka hiyo yote. Kitu umeambiwa iko, huendi kuitafuta.

Athman alifariki wakati wa baridi, ile baridi ya Nyeri inayoingia mpaka kwa uji. Zabibu akakaa eda, ile miezi mjane anakaa ndani bila kutoka toka, na wifi yake Jannat ndiye aliendesha nyumba. Eda ilipoisha alirudi kwa karai yake ya mandazi kando ya barabara. Hapo ndipo Theuri alimpata.

Theuri ni mzee wa Gatitu, sajini mstaafu, na ndiye mkubwa wa chama ya wanajeshi wa zamani. Kwao ni Othaya, kwa hivyo anamwita Zabibu jina la utotoni hata mbele ya watu. Alimwambia Jumapili inayokuja wataandamana kukumbuka waliokufa. Wajane watatembea mbele, kila mmoja na medali ya bwanake, na majina yatasomwa. Lakini hakuna jina litasomwa kama medali haijaonekana, kwa sababu mwaka jana kuna familia ilikuja na medali ya kuazima kwa jirani.

"Kwa hivyo Murugi, leta hiyo ya vitunguu," akasema. "Ama alipewa kwa nyanya?"

Wanaume waliokuwa wakinywa chai hapo wakacheka. Zabibu naye akacheka, lakini hiyo maneno ilimkaa. Athman hakuwahi kwenda hiyo maandamano hata mara moja. Kila mwaka alisema ako na sufuria kwa moto. Jina lake halikuwahi kuitwa mbele ya wengine. Zabibu alitaka liitwe, angalau mara moja, na litajwe na mtu mwingine, si yeye.

Akaenda nyumbani, akatoa vikombe, akatoa kiboksi, akafungua.

Ndani kulikuwa na pini na utepe. Medali yenyewe hakuna.

Mtu wa kwanza kushukiwa ni Jannat, maana ndiye alishika funguo wakati wa eda. Walikosana hapo hapo jikoni, maneno mengi, ya siku hiyo na ya zamani, mpaka ile ya nani hakurudisha blenda ikaingia. Jannat alisikiza mpaka mwisho, halafu akachukua ule utepe, akauinua.

"Wifi, mimi nikiiba ng'ombe, nitakuwachia kamba kweli?"

Zabibu akaupokea. Hilo lilikuwa swali nzuri. Mwizi wa medali anataka utepe na pini pia, ndio apate kuivaa ama kuiuza. Akakaa chini na kiboksi kwa mapaja, akaangalia ule utepe kwa mwangaza wa dirisha. Haukuwa umekatwa. Penye ulishonwa, uzi ulikuwa umefunguliwa tundu moja moja, polepole, na mtu hana haraka. Na kwa kona ya kiboksi kulikuwa na kipande ya uzi, kijani, nene, imepakwa nta.

Huo uzi aliujua. Athman alikuwa na roli nzima ya huo uzi kutoka jeshini. Hakuna mtu mwingine aliruhusiwa kuugusa, na yeye mwenyewe aliutumia kwa kitu moja tu: koti yake kubwa ya jeshi, ile ya kufika chini ya magoti.

"Koti iko wapi?" akauliza.

Jannat akamwangalia kama mtu anauliza jua iko wapi. "Si wewe ulisema nguo zipeanwe kama desturi? Ulisema ukiwa hapo kitandani, macho imevimba. Hamdan aliyemwosha alizichukua."

Na ni kweli alisema. Desturi ya Majengo ni kwamba mwenye kuosha maiti halipwi. Anapewa nguo ya marehemu. Huko Othaya nguo za mtu zingekaa mpaka ndugu wakutane wazigawe, na Zabibu angepitisha mkono kwa kila mfuko. Lakini yeye ameishi Majengo kuliko alivyoishi Othaya, na siku hiyo hakutaka kuona hiyo koti imening'inia mlangoni kama mtu.

Sasa akaanza kukumbuka kitu ingine. Hamdan ni mchinjaji wa mbuzi, mtu mpole, na kabla ya mazishi alikuwa ananunua mandazi kwake kila asubuhi na kukaa kidogo. Tangu mazishi, hapiti hapo. Anazunguka nyuma ya posho mill, pale pa kusaga unga, kwa matope, anatuma mtu mwingine amnunulie. Zabibu alidhani ni heshima ya eda. Lakini eda imeisha, na bado Hamdan anapita kwa matope.

Kwa nini mtu apite kwa matope?

Alipomtafuta, aliambiwa ameenda Doldol kununua mbuzi na atarudi wiki ijayo. Simu yake haikushika. Sumeya, binti ya Zabibu, alimsihi mamake angoje, ati huko ni mbali, ni joto, na hajui mtu. Zabibu alimwambia Jumapili haimngojei. Lakini ukweli ni kwamba hata kama hakungekuwa na Jumapili, angeenda. Hilo swali lilikuwa linamwasha kama pilipili kwa kucha.

Jumamosi akafika Doldol. Soko ya mifugo ilikuwa imechangamka: mbuzi za kila rangi, wazee wamesimama na fimbo, akina mama wa shanga wamekaa kwa kivuli ya duka wakishona. Jua ilikuwa kali mpaka mbwa wamelala chini ya magari. Katikati ya hiyo jua yote, mtu mmoja amevaa koti ya jeshi ya kufika chini ya magoti. Hakuhitaji kumwuliza mtu.

Hamdan alipomwona, aliinama nyuma ya mbuzi mmoja kana kwamba anakagua kwato. Kwato moja, ya pili. Zabibu akasimama hapo akangoja amalize zote.

"Hamdan," akasema, "huyo mbuzi ako na miguu ngapi?"

Akainuka. Akamwomba mwenye mbuzi asubiri, akampeleka Zabibu kando ya ua la miiba. Alikuwa anatoka jasho na hakuwa anaitoa hiyo koti, kama mtu anaogopa ishikwe na mwingine.

"Mama Sumeya, nilijua utakuja siku moja. Sikudhani utakuja mpaka huku."

"Unanikimbilia nini?"

Hamdan akaangalia kulia na kushoto. Halafu akashika ncha ya koti, ile kona ya chini upande wa kulia, akaipima kwa mkono. Akasema pole pole kwamba siku ya pili tu ya kuivaa alisikia kitu nzito huku ndani, imeshonewa kabisa, mviringo. Akajua ni nini. Akajua ni hirizi.

Zabibu hakuamini masikio yake. Athman na hirizi? Athman alikuwa anagombana hata na mtu ametundika kitunguu saumu mlangoni. Alikuwa anasema mtu mwenye kuomba Mungu na bado anafunga kitu kiunoni ni kama mtu anapika kwa gesi na bado anapuliza kuni.

"Ndio maana nikanyamaza," Hamdan akasema. "Nikikurudishia, nitakuambia ni nini? Na nikiikata, siwezi kukata hirizi ya mtu, sijui ilifungwa ya nini. Nikaona afadhali nizunguke kwa matope. Mimi ndiye nilimwosha, mama. Siwezi kumwosha halafu nimchafue."

Zabibu alitaka kukasirika, lakini hasira haikupata mahali pa kukaa. Huyu mtu amebeba aibu ya bwanake kwa miezi, na hiyo aibu haikuwa hata yake wala ya bwanake.

"Nipe kisu," akasema.

Hamdan akampa kisu ya kuchinjia, akageuza uso kando, midomo ikienda. Tundu za uzi zilikuwa ndogo na zimepangwa kama mchele kwa sinia. Zabibu akazifungua moja moja vile Athman alifungua ule utepe. Kitambaa ikaachana, na medali ikateleza kwa kiganja chake, moto kwa ajili ya jua.

"Geuka uone hirizi yako," akasema.

Hamdan akageuka. Akaangalia ile dunia na majani yake, akaangalia Zabibu, na akaanza kucheka cheko ya kukaa chini. Zabibu pia. Mwenye mbuzi akaja kuona kama bei imeharibika.

Cheko ilipotulia, Zabibu akarudia kuangalia koti. Pale karibu na tundu kulikuwa na kiraka, na chini ya kiraka, kitambaa imeungua. Hapo ndipo alikumbuka. Athman akitoka jeshini alipata kazi kwa hoteli moja ya Gatitu, jiko iko nje nyuma, upepo wa mlima unapiga. Huo upepo ulikuwa unachukua hiyo ncha ya koti na kuitupa kwa moto. Iliungua mara ya kwanza, mara ya pili, na Zabibu akamwambia ataikata hiyo koti iwe jaketi. Athman akamwambia, "Nimeshughulika nayo." Kutoka hapo koti haikupepea tena. Zabibu aliona haipepei, na kwa mara moja maishani mwake hakuuliza ni kwa nini.

Akamwelezea Hamdan: medali ilishonewa hapo iwe uzito, koti isirukie moto. Hamdan akafikiria.

"Labda ndiyo ilikuwa karibu."

"Ilikuwa kwa kabati nyuma ya vikombe. Karibu ilikuwa nati, mawe, kufuli mbovu. Alitoa vikombe zote na akazirudisha ndio aifikie."

Je, ilikuwa dharau? Ama alitaka ikae naye jikoni kila siku, bila mtu kumwuliza? Zabibu aligeuza medali upande ule mwingine, akaigeuza tena. Mwenye jibu wamemzika, na mwenye kumwosha ndiye huyu, hajui.

Hamdan akaanza kuvua koti amrudishie. Zabibu akamzuia. Akamwambia ilipeanwa kwa haki na haitarudi, na kama ni upepo, waitafutie kitu ingine. Hamdan akapekua mfuko wake akatoa kufuli ndogo iliyopoteza funguo. Mmoja wa wale akina mama wa shanga akawaazima sindano na uzi, bila kuelewa hawa watu wa Nyeri wanashonea kufuli kwa nguo kwa sababu gani, na akabaki akiwaangalia mpaka tundu ya mwisho.

Jumapili, uwanjani, upepo ulikuwa umeamka mapema. Zabibu alikuja na medali imerudi kwa utepe wake. Yeye na Jannat waliishona usiku wa jana yake, akitoka Doldol, na kesi ya blenda ikaishia hapo. Alikuwa ameibandika kushoto, juu ya moyo. Theuri akamjia, akaangalia shaba kwa karibu, akaigusa na kidole. Hakutaja vitunguu. Akaitoa kushoto akaihamisha kulia, akasema kushoto ni ya mwenye kupewa, mwenye kumbebea anavaa kulia.

"Ilikuwa wapi, Murugi? Nilisikia imepotea."

"Ilikuwa kazini," Zabibu akasema.

Wakatembea. Majina yakasomwa moja baada ya ingine, na likaja: Koplo Athman, mpishi. Mtu alilisoma vile vile alivyosoma ya wengine, bila kuharakisha, na upepo ukalibeba mpaka kwa barabara. Zabibu akainua kidevu. Bendera zilikuwa zinapigwa, kofia zinashikwa na mikono, sketi na vitambaa vya kila mtu vinaruka ruka.

Kando ya ua, Hamdan, aliyeacha soko akarudi mapema, alikuwa amesimama na koti yake. Zabibu akaangalia ile kona ya chini, upande wa kulia. Haikupepea.