Ndama Waliofuliwa

Dobi hakupewa jina hilo kwa utani. Alifua nguo za watu tangu usichana wake, na sasa mvi zimemtoka bado uchafu ukimwona unahama wenyewe. Mgeni akinyanyua kikombe tu, kisahani chake kimeshafutwa. Majirani walisema siku akifika peponi atauliza kwanza nani kafagia. Dobi alicheka nao, kisha akafagia walipokuwa wamekaa.

Ng'ombe hakuwajua kabisa. Hao walikuwa mambo ya mdogo wake, mwenye kashamba ka mifugo nje kidogo ya mji. Mwaka huo mdogo wake alilazwa kupasuliwa ngiri, katikati ya msimu wa kuzaa, mkewe akaenda kumuuguza. Nani abaki na ng'ombe? Dada mtu.

"Usihofu, dada," mdogo wake alimwambia siku ya kuondoka, akiwa ameshika tumbo mlangoni. "Wengi wameshazaa, wako malishoni na watoto wao. Wamebaki Tausi na Chuma. Ndama akizaliwa anyonye dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito, siku hiyohiyo. Asiponyonya tumempoteza. Halafu Tausi akizaa jike, huyo tunamfuga, arithi maziwa ya mama yake. Wa Chuma atauzwa. Chuma ukoo wake ni mateke tu."

Dobi aliyarudia maneno hayo moyoni kama mtoto aliyetumwa dukani: dang'a, wa Tausi abaki, wa Chuma auzwe. Akaona si mazito.

Asubuhi moja, baada ya mvua, aliingia zizini akakuta Tausi amezaa kwenye kona ya ndani, ndama wake bado anatoa mvuke. Hajakaa sawa, Chuma naye akamwangusha wa kwake karibu na mlango. Majike wote wawili, rangi ya udongo mwekundu, hawana hata baka. Dobi alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Kisha akawatazama vizuri. Viumbe wa Mungu walikuwa wamejaa ute, damu na kinyesi kutoka masikioni hadi kwatoni. Mtoto wa mtu angeachwa hivyo?

Aliwapangusa kwa aproni yake, mmoja baada ya mwingine, akawabeba hadi bombani. Maji ya moto yalikuwepo, sabuni ya unga ilikuwepo, na mikono ilijua kazi yake. Aliwasugua wote katika beseni moja kubwa, akawasuuza mara mbili, akawakausha kwa taulo. Wakati wanakauka juani alirudi zizini, akazoa majani yote yaliyoloa akayatupa shimoni, akapiga sakafu dawa. Tausi na Chuma walikuwa wanalia kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia. Akadhani wanashukuru.

Alipotoka nje, ndama walikuwa wamesimama kwa miguu ya kuyumba, wanang'aa, wananukia kama shuka mpya. Hapo ndipo alipojiuliza yupi ni yupi.

Wa kushoto alikuwa wa Tausi. Lakini kushoto kwa nani, na yeye alilizunguka beseni tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho? Aliwatazama macho, akawatazama kwato, akawageuza matumbo. Hakuna kitu. Basi, alijiambia, mama hamsahau mwana, nao watachagua wenyewe.

Akawarudisha zizini, lakini mama wakakataa kuchagua. Tausi, mpole wa kuchezewa na watoto, alimnusa ndama wa kwanza, akapiga chafya, akarudi nyuma. Akanusa wa pili, akampa kisogo. Chuma hakupoteza muda kunusa; alirusha teke, ndama akabiringika. Dobi akabadilisha: huyu huku, yule kule. Mambo yakawa yaleyale. Na mama hao waliowafukuza watoto ndio haohao waliokuwa wakizunguka zizi wakiwatafuta, wakinusa sakafu safi na kulia. Dobi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kichwa kikimzunguka. Anamtafuta mtoto, na mtoto yuko mbele yake. Sasa mtu afanye nini na kiumbe kama huyu? Jua likapanda. Ndama mmoja akachoka kusimama, akalala, akaanza kulamba ukuta.

Jirani muuza maziwa alipopita kuchukua madumu yake, alisikia kelele akaingia. Akawatazama ndama. Akanusa.

"Dada Dobi," alisema polepole, "umewafua?"

"Walikuwa wachafu."

Jirani alishika ukuta akacheka mpaka akafuta macho. Halafu akamwona yule ndama aliyelala, kicheko kikakatika. "Ng'ombe mwanawe anamjua kwa harufu, mwenzangu. Wewe umewaletea sabuni. Ute uko wapi? Majani waliyozalia?"

"Nimetupa. Nimepiga na dawa."

Jirani akatikisa kichwa.

"Tuwakamue basi, tuwanyweshe kwa chupa?" Dobi aliuliza.

"Chuma ukamkamue wewe, nikuzike mimi. Na tukiweza leo, kesho je? Watakuwa yatima wenye mama."

Dobi alijiona mjinga, tena mjinga mwenye roho mbaya, ingawa roho yake ilikuwa safi kuliko sakafu ile. Alishuka kwenye ndoo akapiga magoti kumnyanyua ndama aliyelala. Akahisi kitu chenye joto na cha kukwaruza kinamvuta kiunoni. Tausi alikuwa anailamba aproni. Alilamba na kuguna kwa sauti ya chini, ya upole, akimsukuma Dobi kwa pua aende kwenye kiwele.

"Usivue," jirani alinong'ona. "Hujaifua hiyo?"

"Sijapata nafasi."

Chuma naye akaja, masikio mbele, akalamba upande wa pili. Wote wawili waliikubali, kwa kuwa ndama wote wawili walipanguswa humohumo. Dobi, asiyewahi kuzaa, alisimama katikati akilambwa na mama wawili, hajui acheke au alie. Akafanya vyote.

Waliipasua aproni vipande viwili, wakawasugua ndama mgongo na mkia, kila mmoja akafungwa kipande chake. Aliyekuwa karibu na Tausi akasukumwa kwa Tausi. Mwingine akaenda kwa Chuma. Chuma alinusa, akanusa tena, akaanza kulamba kwa nguvu mpaka ndama akayumba. Ndama wakanyonya mpaka povu jeupe likawatoka midomoni.

Mdogo wake alipiga simu kabla jirani hajaondoka.

"Dada, vipi? Wamezaa?"

"Majike wawili."

"Alhamdulillahi. Wa Tausi ni yupi?"

Dobi aliwatazama. Uongo ulikuwa umekaa kwenye ulimi wake, mwepesi kabisa, na hakuna ambaye angeujua, hata yeye mwenyewe. "Sijui," alisema. "Niliwaosha nikawachanganya. Mama zao pia hawajui."

Upande wa pili akasikia mlio wa kitanda cha hospitali.

"Wamenyonya?"

"Wananyonya sasa hivi. Wote."

"Basi wa kuuzwa hayupo," alisema mdogo wake, na simu ikakatika.

Dobi alibaki ameishika sikioni, hajui kama ni salio lililokwisha au hasira, wala hajui kama amesamehewa.