Risasi Kumi, Tundu Moja

Juzi nilikuwa dirishani kwa ofisa michezo mmoja hapa Tabora, akichagua wa kutuwakilisha kwenye kulenga shabaha kwa bastola. Nafasi ilikuwa moja tu. Dada mmoja wa Goweko alimwamkia, akatandaza karatasi yake ya shabaha: risasi kumi, tundu moja katikati.

"Tisa zimekwenda wapi?"

"Zimepita humo humo, baba."

Ofisa alichungulia tundu, akasonya. Akainua karatasi ya kaka mmoja, imetoboka kama chekeche hadi pembeni. "Huyu sasa amejituma." Akaandika jina la kaka.

Maofisini kwetu, anayekosa kila mahali ndiye mchapakazi. Nilifungua mdomo nibishane, dada akanitangulia, akikunja karatasi yake taratibu:

"Nashukuru, baba. Mwakani nitajitahidi kukosa."