Niliposafisha Picha Nikamfuta Baba Mkwe

Mnaotaka kucheka chekeni, mradi isiwe mbele ya mama mkwe wangu, kwa sababu aibu bado ninayo na hasira pia, na nusu ya hasira ni ya mume wangu aliyeniambia nizime flashi.

Ilikuwa Sabato ya kumweka mtoto wetu wakfu kanisani, huku Magwagwa, mvua inanyesha, stima zimepotea, ndani giza, na mama mkwe amembeba mjukuu aliyelala. "Zima flashi, utamwamsha," mume wangu akaninong'oneza, nami nikazima, na picha ikatoka imejaa chenga, vile vidoti, ungedhani mtu amewamwagia unga wa wimbi.

Sasa hiyo picha haikuwa ya mchezo. Mtoto tulimpa jina la marehemu baba mkwe, Mogaka, na alizaliwa na kidoti cheusi shavuni kama cha mzee, na mama alikuwa ameshagonga msumari kando ya picha ya mumewe ili kila mgeni alinganishe shavu kwa shavu. Ningeichapisha vile ilivyo tu. Lakini mimi (mjuaji, kidato cha nne nimemaliza) nikapakua programu ya kuondoa chenga, nikavuta kipimo kidogo zikapungua, nikasema mbona niwe mchoyo, nikakivuta hadi mwisho. Watu wakawa laini kama siagi. Nikaichapisha kubwa mjini Keroka, ikatiwa fremu, wala sikuiangalia mara mbili.

Mama akawaita akina mama wa kanisa, akaifunika kitambaa, wakaiombea kwanza (maombi marefu, chai inapoa), akafunua.

"Mama Mogaka, huyu msichana aliyebeba mjukuu wangu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi? Makunyanzi yangu yako wapi?" Akasogea karibu. "Na alama ya mzee?"

Shavu la mtoto lilikuwa tupu kama yai. Ile programu ilidhani alama ya ukoo ni chenga kama zile zingine.

"Niliisafisha tu, mama."

"Ukamsafisha mume wangu!"

Akina mama wakaangua kicheko, na mume wangu akatoka mbio eti anaangalia ng'ombe. Nikaahidi kuchapisha ile ya kwanza, kumbe niliihifadhi mpya juu yake, ya zamani haipo. Nilipolisema hilo macho yalimlowa mama, na hapo ndipo aibu ilinishika kweli. Kisha akaomba kalamu, akaitoa picha kwenye fremu, akachora kidoti mwenyewe, polepole, bila miwani.

Cha mzee kiko kushoto. Amekichora kulia.

Wageni wanakuja, wanatazama, wanasema, "Mzee mwenyewe!" Nimeapa sitaondoa chenga kwa picha ya mtu wa ukoo huu tena. Mume wangu anasema nimwambie mama kuhusu hilo shavu. Amwambie yeye, ni mamake.